Safu Mbili Zilizorukwa: Lanthanamu, Floridi na Maji ya Kunywa

Katika maabara nyingi za shule za sekondari hutundikwa ukutani jedwali la elementi. Chini kabisa ya jedwali hilo, zikiwa zimetengwa na nyingine kwa nafasi nyeupe, zimo safu mbili ambazo fimbo ya mwalimu huzifikia kwa nadra sana. Mwanafunzi akiuliza habari zake, jibu la kawaida ni kwamba hazimo katika mtihani. Huenda jibu hilo likawa kweli kwa upande wa mtihani. Kwa upande wa nchi si kweli hata kidogo, na kusudi la makala haya ni kudai kwamba safu ya juu katika hizo mbili, ile ianzayo na lanthanamu, inastahili kufundishwa katika shule za Tanzania mapema kuliko mambo mengi yanayopewa vipindi vitatu vitatu kwa juma.

Elementi za safu hiyo, pamoja na itriamu na skandiamu zilizo juu yake, huitwa metali za udongo adimu. Jina lenyewe ni la kupotosha. "Udongo" ni neno la wanakemia wa karne ya 18 kwa oksidi yoyote isiyoyeyuka upesi kwa moto. Na "adimu" ni kwa kuwa zilionekana kwanza mahali pachache, hasa katika machimbo ya Ytterby nchini Sweden, ambako mwaka 1794 Johan Gadolin alitenga udongo wa itriamu. Seriamu, iliyo ya pili katika safu hiyo, imo katika ganda la dunia kwa kiasi kinachokaribiana na kile cha shaba. Kilicho adimu si elementi zenyewe, bali ni watu wanaojua kuzitenganisha.

Kuhusu florini, mwanafunzi hujifunza kwamba ni gesi kali kuliko halojeni zote, kwamba floridi hutiwa katika dawa ya meno, kisha ukurasa hufunuliwa. Ni ajabu kwamba mambo haya mawili, udongo adimu na florini, hufundishwa au kutofundishwa kana kwamba hayahusiani, katika nchi ambayo imejaliwa yote mawili kwa wingi: moja kama mali, jingine kama maradhi.

Chukua mfano wa Kihurio, kijiji cha tambarare chini ya milima ya Pare Kusini, katika barabara itokayo Same kupitia Kisiwani, Maore na Ndungu kuelekea Bendera. Upande mmoja imesimama milima, na mito yake hunywesha mashamba ya mpunga. Upande wa pili ni nyika ya Mkomazi iendayo hadi mpaka wa Kenya. Mwanafunzi wa huko hula makande, kama walavyo Wapare wote, na mahindi makavu na maharage hayaivi upesi bila ya kuni nyingi. Kwa hiyo mpishi hutia magadi. Kikemia hana kosa: magadi ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na ubesi wake huvunja gundi iliyoshikilia kuta za seli za maharage, yakalainika kwa muda mfupi zaidi. Kuni zimeokolewa, na wenye njaa wamekula mapema.

Lakini magadi hutoka katika maziwa na mabwawa ya chumvi ya Bonde la Ufa, ambako maji yamepita katika miamba na majivu ya volkano yenye floridi. Katika maji ya kawaida yenye kalisi ya kutosha, floridi hukamatwa na kalisi ikatulia chini kama floridi ya kalisi, isiyoyeyuka kwa urahisi. Katika maji ya magadi kalisi ni haba, kwa sababu kaboneti imekwisha kuikamata kabla. Basi floridi hubaki imeyeyuka, na jua linapokausha ziwa hubaki ndani ya chumvi. Kiasi chake hutofautiana mno baina ya magadi ya mahali hapa na ya mahali pale, na hata baina ya mabonge magumu na unga unaokombwa juu ya ardhi. Mwaka 1997 watafiti wa Muhimbili na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, walichapisha utafiti uliohusisha mabaka ya meno ya watoto wa Tanzania na magadi yenye floridi nyingi yatiwayo katika chakula. Maana yake ni kwamba kijiji chenye maji mema ya mlimani kinaweza kuingiza floridi kwa mlango wa jikoni. Hakuna jicho wala ulimi uwezao kutofautisha bonge lenye floridi na lisilo nayo.

Kwa jirani zao wa Arusha hali ni nzito zaidi, kwa maana huko floridi imo katika maji yenyewe. Maji ya Chai, chini ya Mlima Meru, ni jina ambalo kila mtaalamu wa maji wa nchi hii analijua. Floridi ikizidi mwilini mwa mtoto wakati meno ya ukubwani yanapojengwa ndani ya ufizi, gamba la jino hutoka likiwa na mabaka meupe au ya kahawia yasiyosuguka. Ikizidi sana na kwa miaka mingi, hushika mifupa na kuikunja. Shirika la Afya Duniani hupendekeza isipite miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kwa maji ya vijijini kiwango cha muda cha miligramu 8, si kwa kutojua madhara, bali kwa sababu kiwango cha chini zaidi kingefunga visima ambavyo havikuwa na badala. Leo kiwango kimeshuka hadi 1.5. Kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimefanya kazi ya kuondoa floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ufundi wa bei nafuu na wa kusifiwa. Hata hivyo mkaa huo huchoka, na bila ya kupima hakuna ajuaye siku uliyochoka.

Basi hupimwaje? Hapa ndipo safu iliyorukwa inaporudi darasani.

Hadi miaka ya 1960 kupima floridi kulikuwa kazi ya taabu, ya kukenesha na kulinganisha rangi, na kila chumvi nyingine iliyomo majini iliweza kuharibu jibu. Mwaka 1966 Martin Frant na James Ross, nchini Marekani, walitangaza elektrodi mpya. Ni mrija wa plastiki ambao mwishoni mwake kimebandikwa kisahani cha fuwele, kipana kidogo kuliko tembe ya dawa. Fuwele hiyo ni floridi ya lanthanamu, iliyochanganywa na yuropiamu kidogo. Chombo hicho, kikiwa kimeboreshwa hapa na pale, ndicho kinachotumika mpaka leo katika maabara za maji za dunia nzima. Mtu anayetaka kujua kama kisima cha Arusha chafaa kwa mtoto huitumbukiza floridi ya udongo adimu katika maji na kuisikiliza inavyosema.

Namna inavyosema yapasa ielezwe kwa utaratibu, maana ni kemia ya kidato cha nne tu iliyopangwa vizuri. Katika fuwele ya floridi ya lanthanamu kila ioni ya lanthanamu, yenye chaji tatu chanya, imezungukwa kwa karibu na ioni tisa za floridi, na nyingine mbili zimesimama mbali kidogo. Ni mpango wa msongamano. Ikiwa mahali pa lanthanamu patawekwa ioni ya yuropiamu yenye chaji mbili tu, hesabu ya chaji haitalingana mpaka floridi moja ikosekane. Hivyo hubaki shimo. Floridi iliyo jirani huruka ikaingia shimoni, na kuacha shimo jingine nyuma yake, nayo nyingine huruka vivyo hivyo. Floridi hupita ndani ya jiwe kavu kama watu wanaosogea katika foleni kila mmoja akitwaa nafasi ya aliyemtangulia. Ioni nyingine karibu zote haziwezi: kloridi ni kubwa mno, sodiamu haina mahali pa kukaa. Mlango umefunguliwa kwa mgeni mmoja tu.

Kwa kuwa ni floridi peke yake ipitayo, tofauti ya wingi wa floridi baina ya ndani ya mrija na nje yake huzaa volti. Katika nyuzi 25 za Selsiasi kila wingi unapopungua mara kumi, volti huongezeka kwa milivolti 59 hivi. Maji yenye miligramu 1 na yenye miligramu 10 kwa lita hutofautiana kwa kiasi hicho. Mwalimu wa Kihurio, ambako joto la mchana ni kali, anaweza kuwapa wanafunzi hesabu wapate jibu la nyuzi 30. Watapata milivolti 60 na kidogo, nao watakuwa wamejifunza kwa nini mpimaji mwangalifu hubeba kipimajoto.

Mgeni mmoja tu ndiye anayeweza kudanganya mlango, naye ni haidroksidi, kwa kuwa ukubwa wake na chaji yake hukaribiana na vile vya floridi. Hivyo maji yenye ubesi mkali hutoa jibu la uongo. Magadi ni ya ubesi. Mtu anayetaka kupima magadi ya makande hana budi kwanza kutia kimiminiko cha kutuliza pH ishuke hadi 5 au 5.5, la sivyo atapima haidroksidi na kuiita floridi. Kwa jambo dogo kama hilo utafiti mzima huweza kuharibika, na hapa mwanafunzi aliyedhani pH ni namba ya kukariri huiona ikilinda au kupoteza meno ya watu.

Floridi hizi zina upande wa pili, upande wa nuru, ambao ndio hasa uliozipa sifa katika fizikia ya leo. Ili kuuelewa yafaa kuanzia na vito. Mashariki ya Kihurio, katika Bonde la Umba kuelekea mpakani, yamechimbwa yakuti ya rangi nyingi tangu miaka ya 1960. Yakuti yote, nyekundu na ya buluu, ni oksidi ileile ya alumini, ambayo ikiwa safi haina rangi. Kromiamu kidogo huifanya nyekundu. Chuma na titaniamu huifanya buluu. Fuwele ni nyumba, na rangi ni ya wapangaji wachache waliomo. Floridi za itriamu na lanthanamu nazo ni nyumba zisizo na rangi, zinazopitisha mwanga tangu urujuanimno hadi mbali ndani ya infraredi. Wapangaji ni ndugu zao wa safu ileile: neodimiamu, erbiamu, iterbiamu, yuropiamu. Wanakaa bila ya kubanana kwa kuwa chaji zao ni sawa na vimo vyao havitofautiani sana. Toka lanthanamu hadi lutetiamu nusukipenyo cha ioni hupungua kutoka pikomita 103 hivi hadi 86, polepole, hatua kwa hatua. Kupungua huko kunatosha kubadili mpango wa nyumba: floridi za wale wa mwanzo, hadi neodimiamu, hujenga kama lanthanamu, na za wale wa mwisho hujenga kwa umbo jingine, lile la floridi ya itriamu.

Elektroni zinazotoa mwanga katika ioni hizi zimekaa ndani, zimefunikwa na elektroni za nje, hata jirani hazisumbui sana. Ndiyo sababu rangi zake ni safi na nyembamba. Lakini elektroni iliyopandishwa ngazi ina njia mbili za kushuka: kwa kutoa mwanga, au kwa kuitikisa fuwele na kuipasha joto. Kioo cha kawaida cha silika hutikisika kwa nguvu, hivyo kwa mitikisiko michache tu nishati yote imepotea. Katika floridi mtikisiko mmoja hubeba takriban theluthi moja tu ya nishati ya ule wa silika. Ingebidi mitikisiko mingi itokee kwa pamoja, jambo ambalo ni nadra. Nishati hukaa juu ikingoja.

Wazee wa Upare walilijua jambo la kungoja. Chemchemi nyembamba ya mlimani haifiki shamba la mbali. Ukiiacha itiririke mchana kutwa ardhi kavu huinywa yote njiani. Kwa hiyo wakajenga ndiva, bwawa la udongo na mawe, maji yakakusanywa usiku, na asubuhi lango likafunguliwa maji yakaenda kwa nguvu hadi shamba la mwenye zamu. Ndiva haizidishi maji hata tone. Hukusanya yaliyo dhaifu yakawa na nguvu ya kufika. Na ndiva inayovuja haina faida, hata chemchemi iwe njema namna gani.

Katika floridi ya sodiamu na itriamu yenye iterbiamu na erbiamu, jambo hilohilo hutendeka kwa mwanga. François Auzel wa Ufaransa alilieleza mwaka 1966, na mwaka 1972 floridi hiyo ilitambuliwa kuwa bora kwa kazi hiyo. Mwanga wa infraredi wa nanomita 980, usioonekana kwa macho, humezwa na iterbiamu. Iterbiamu humpa erbiamu nishati hiyo, na erbiamu hungoja kwenye ngazi ya katikati. Kabla hajaipoteza hupewa ya pili. Ndipo hushuka kwa mara moja na kutoa mwanga wa kijani wa nanomita 540 hivi. Mwanafunzi na apige hesabu: fotoni moja ya nanomita 980 ina elektronivolti 1.27; mbili zina 2.53, fotoni ya kijani ina 2.30. Zilizobaki, 0.23, zimekwenda katika joto. Sheria ya hifadhi ya nishati haijavunjwa, ingawa mtu anayeona kwa mara ya kwanza unga mweupe ukiwaka kijani kwa miali asiyoiona hudhani imevunjwa. Unga wa namna hii hutumika kuonyesha miali ya leza isiyoonekana, kutia alama za siri katika hati, na katika vipimo vya tiba, kwa kuwa infraredi hupenya nyama ya mwili kuliko mwanga wa buluu na haiamshi rangi za mwili wenyewe zikachafua kipimo.

Kuna pia kioo cha floridi. Mwaka 1974 ndugu wawili Poulain pamoja na Jacques Lucas, huko Rennes, Ufaransa, walikikuta bila kukitafuta walipokuwa wakijaribu kutengeneza fuwele za floridi ya zirkoniamu. Kioo hicho, ambacho lanthanamu ni sehemu yake mojawapo, huvutwa kuwa nyuzi zinazopitisha infraredi ambayo nyuzi za silika huizuia.

Sasa swali la jinsi zinavyotengenezwa, ambalo ndilo linalogusa siasa ya jambo hili. Unga wa floridi ya lanthanamu hupatikana kwa mmenyuko ambao mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuuandika:

La(NO3)3 + 3NaF → LaF3 + 3NaNO3

Vimiminiko viwili vyeupe vikikutana, mashapo meupe hutulia. Hakuna tanuri wala shinikizo. (Si jaribio la kufanywa shuleni, hata hivyo, floridi ya sodiamu ni sumu, na ikikutana na asidi hutoa floridi ya haidrojeni, ambayo hupenya ngozi na kula mfupa. Liandikwe ubaoni liishie hapo.) Floridi ya sodiamu na itriamu huhitaji chombo cha chuma kilichofungwa, mfano wa sufuria ya presha, na joto la nyuzi 180 hadi 200. Maabara ya chuo kikuu chochote inayojiheshimu inaweza kulifanya hilo.

Ugumu umo katika kutoka kwenye unga kufika kwenye fuwele. Floridi ya lanthanamu huyeyuka karibu na nyuzi 1,490. Ikipata mvuke wa maji wakati huo hugeuka oksifloridi, fuwele ikatoka na ukungu. Lazima iyeyushwe mbali na hewa, kisha chombo kishushwe polepole mno kutoka mahali pa moto kwenda mahali pa baridi, fuwele ikikua toka chini kama nundu. Huo ni ufundi wa mikono na wa subira, usiopatikana kwa kusoma peke yake. Haustahili kuogopwa kama uchawi. Ugweno, kaskazini mwa milima hiihii, ukoo wa Washana ulikuwa ukiyeyusha chuma na kufua majembe na silaha kabla hajaja Mjerumani, na ujuzi wa moto uliwapa heshima na madaraka. Tanuri lao lilihitaji kujua lini hewa iingie na lini isiingie. Tanuri la floridi lahitaji kujua jambo lilelile, kwa vipimo vikali zaidi.

Na malighafi? Katika kilima cha Ngualla, mkoani Songwe, umo mwamba wa kabonatiti wenye akiba inayokadiriwa kuwa tani milioni 18.5 za mbale, na asilimia 4.8 yake ni oksidi za udongo adimu. Madini yaliyomo ni bastinesiti, nayo ni kaboneti na floridi ya seriamu na lanthanamu kwa pamoja. Yaani floridi ya udongo adimu, ambayo kitabu huitaja kama kitu cha maabara za mbali, imelala Songwe tayari. Ni madini yaleyale yaliyochimbwa Gakara, Burundi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi 1978, na tena kuanzia 2017 mpaka serikali ya nchi hiyo ilipoyasimamisha mwaka 2021 kwa kutoridhika na masharti. Kwa Ngualla leseni maalumu ya uchimbaji ilitolewa Aprili 2023, serikali ikiwa na hisa ya asilimia 16, na mwaka huohuo ukafanywa mkataba wa kuuza makinikia kwa kampuni ya Shenghe ya China.

Neno makinikia Watanzania walilijifunza kwa uchungu mwaka 2017, katika mzozo wa dhahabu na shaba. Safari hii hakuna aliyeficha kitu: karatasi zinasema makinikia, na makinikia yatakwenda. Wanaotetea mpango huo wana hoja. Kutenganisha elementi hizi ni kazi ngumu, kwa sababu ileile inayozifanya ziwe wapangaji wazuri: zinafanana mno. Hupitishwa katika asidi na mafuta mara nyingi sana, moja baada ya nyingine, zikitengana kidogo kidogo, na taka zake zahitaji uangalizi mkubwa. Kudai kwamba kiwanda cha namna hiyo kijengwe kesho ni maneno ya jukwaani.

Lakini hoja hiyo imefunika nyingine. Wanunuzi wa dunia wanatafuta neodimiamu na praseodimiamu kwa sumaku za mota. Sehemu kubwa ya kilichomo Ngualla si hizo. Ni seriamu na lanthanamu, ambazo bei yake ni ndogo na ambazo hakuna anayezipigania. Ni kama kichwa cha samaki ambacho mwenye hoteli hakitaki. Hapo ndipo nchi maskini yenye akili huanzia. Oksidi safi ya lanthanamu inaweza kununuliwa leo kwa bei ambayo idara ya kemia haiwezi kuisingizia. Hakuna haja ya kungoja Ngualla ichimbwe ndipo mtu ajifunze kukuza fuwele. Kazi ya kwanza na iwe kile kisahani cha elektrodi. Soko lake ni dogo, na mfanyabiashara atalicheka. Hata hivyo nchi yenye visima vya Arusha na magadi ya kila jiko ina sababu ya kukitengeneza ambayo mfanyabiashara hanayo, na mwanafunzi wa shahada atakayekifaulu atakuwa amejifunza tanuri, usafi wa kemikali, eksirei za fuwele na umeme wa ioni kwa kazi moja. Huyo ndiye atakayeweza kukaa mezani siku mkataba mwingine wa makinikia utakapoletwa, akauliza maswali ya kitaalamu badala ya kusomewa.

Vijana wa namna hiyo hawaanzi chuo kikuu. Huanza pale mwalimu anaposhusha fimbo hadi chini ya jedwali. Wala asisingizie ukosefu wa vifaa. Sidii ya zamani ya muziki ina mistari karibu 625 katika kila milimita, nayo hupasua mwanga vizuri kuliko prizimu nyingi za shule. Mwanafunzi na aiinamishe mbele ya taa ya umeme ya nyuzi, aone rangi zikifuatana bila pengo. Kisha mbele ya taa ya mrija, aone mwanga umekatika vipande vipande. Kipande chekundu kilichokolea, karibu na nanomita 611, ni yuropiamu. Katika kijani mna terbiamu, ikiwa pamoja na zebaki. (Mrija usivunjwe, kwa ajili ya zebaki hiyohiyo.) Nyumba zao katika taa hiyo ni oksidi na fosfeti, si floridi, lakini wapangaji ni walewale wa safu iliyorukwa.

Na shule ya Kihurio inaweza kufanya utafiti wake. Wanafunzi wakusanye magadi kutoka kila duka na kila gulio wanakonunua wazazi wao, wayatenge mabonge na unga, waandike yalikotoka kwa kadiri muuzaji ajuavyo, wapime kwa kijiko kiasi kinachotiwa katika chungu cha makande na idadi ya walaji. Maji ya mto na ya kisima nayo yachukuliwe. Vitu hivyo vipelekwe maabara ya maji yenye elektrodi, pamoja na barua inayokumbusha kwamba magadi yatulizwe pH kabla ya kupimwa. Chupa za maji ziwe za plastiki, zisuuzwe mara tatu kwa maji yaleyale yatakayochukuliwa, na kila moja iandikwe mahali, tarehe na saa kwa wino usiofutika.